Uliza Fundi wa Redio: Antena ya Mbali kwa Mashua ya Tanga

SWALI: Habari fundi. Mimi na mke wangu tunajiandaa kuvuka bahari na mashua yetu ya tanga, ni ya faibaglasi, mita 12, mlingoti mmoja. VHF, ile redio ya kuongea karibu, tunayo, antena yake iko juu ya mlingoti na haina shida, ila sasa tunataka redio ya mawimbi mafupi ya kuongea mamia ya maili na kusikiliza hali ya hewa. Mmoja kaniambia nikate ule waya wa nyuma unaoshika mlingoti niweke insuleta, yaani kizuizi cha umeme, ili uwe antena, mwingine anasema ninunue antena ya fimbo ya mita 7 nifunge nyuma, wa tatu anasema fimbo ndefu kabisa iende juu ya mlingoti pale pale kwenye VHF. Nichukue ipi?

JIBU: Salama kaka, msalimie na shemeji. Huyo wa tatu msahau kabisa. VHF ya baharini iko kwenye megahezi 156 hivi na inakwenda moja kwa moja tu, ndo maana inataka juu, na hata hivyo kati ya mashua mbili za tanga utapata maili 15 mpaka 20 za baharini basi. Mawimbi mafupi yanapanda angani yanarudishwa chini huko mbali na ionosfia, tabaka la juu la anga lenye chaji ya umeme, kwa hiyo urefu wa mlingoti sio ishu, ishu ni waya uwe na urefu unaofaa na uwe na athi ya maana (muunganiko na maji ya bahari) chini yake.

Fimbo ya mita 7 si mbaya, kuanzia megahezi 8 kwenda juu inajitahidi, lakini ukishuka 4 ambako robo ya wimbi ni kama mita 18 inakuwa fupi mno na nguvu nyingi inaishia joto kwenye tyuna, kile kisanduku kinacholinganisha antena na redio. Waya wa nyuma wenye insuleta unafanya kazi vizuri sana na wengi wanautumia, mimi kinachonikera ni kukata waya mzima unaoshika mlingoti. Kwa mashua yako ningevuta waya wa pembeni, ule uliopitishwa ndani ya kamba, unaupandisha kwa kamba ya tanga mpaka karibu na kilele halafu chini unaufunga kwenye kona ya shetri (nyuma ya mashua), mbali na ule waya wa chuma kadiri nafasi inavyoruhusu maana ukilala sambamba nao karibu karibu unanyonywa nguvu. Ni rahisi, na ukitaka kuushusha unaushusha.

Urefu sasa, hapa ndo watu wanapoteleza. Antena inaanza pale kwenye skrubu ya tyuna sio pale waya unapoanza kupanda, kwa hiyo pima yote. Epuka urefu ulio sawa na nusu ya wimbi kwenye megahezi utakazotumia, kwa sababu hapo tyuna inahangaika au inakataa kabisa. Chukua 142 gawanya kwa megahezi unapata mita za huo urefu wa kuepuka: kwenye 12.29 ni kama mita 11.6, kwenye 16.42 ni kama 8.7, ndo maana mita 10 hivi inakaa katikati salama kwa chaneli za baharini. Ila kama una leseni ya redio za ridhaa (za wapenzi wa redio, sio za kazi) na unapenda megahezi 14, hiyo 10 ndo mbaya kwako, sogea kidogo.

Halafu athi, ambayo hukuiuliza na wauzaji hawaisemi sana, na kwa maoni yangu hela yako iende huku kuliko kwenye antena ya bei kali. Faibaglasi haina chuma, kwa hiyo tandaza ukanda wa shaba nyekundu, upana sentimita 5 au zaidi, kutoka kwenye tyuna mpaka kwenye tundu la bronzi linalogusa maji, na reli za shetri ziunge humo humo. Njiani kata ukanda kidogo uunge kwa kapasita, redio inapita ila umeme wa betri haupiti, usije ukala chuma chako majini. Tyuna ikae nyuma kabisa chini ya antena, sio chumbani karibu na redio.

Na jamani, ukibonyeza kuongea ule waya unaunguza ngozi, sehemu ya chini mpaka juu ya kimo cha mtu ivishe mpira mnene. Ukisikia mlio tu na hakuna sauti usilaumu antena bado, zima inveta, friji na chaja ya sola kimoja kimoja, mara nyingi mchawi yuko humo.

SWALI: Mimi nina simu ya satelaiti, hiyo redio ya nini tena?

JIBU: Simu unaongea na mtu mmoja mwenye namba. Redio ukiita kwenye 4125 kilohezi anaweza kukusikia yeyote aliyewasha, pamoja na mashua ambayo hukujua ipo na ndiyo iko karibu. Kama hela inatosha kitu kimoja tu, anza na kile kifaa cha dharura cha megahezi 406 kinachoita waokoaji kupitia satelaiti, redio ifuate.