Re: Mdogo wangu kapasuliwa, tumbo bado linauma

Pole sana dada. Yani kajifungua kwa opresheni wiki 5 zimepita, homa kila jioni, tumbo limevimba na mkirudi mnaambiwa ni gesi? Hiyo gesi ya wiki 5 mi siiamini.

Kwanza mgonjwa, kesi baadae. Mpeleke leo hospitali NYINGINE, kubwa, apigwe atrasaundi au siti skani, maana gozi (kile kitambaa cha kufutia damu kwenye opresheni) likisahaulika tumboni linatunga usaha na linaua. Akianza kutapika au choo kikagoma msisubiri kukuche.

Shangazi yangu yalimkuta, alitolewa gozi limekunjamana kama soksi chafu, harufu yake mpaka leo naisikia. Kosa letu faili tulilirudisha mapokezi likapotea siku hiyohiyo, kwahiyo wewe piga picha kila karatasi, risiti, ripoti ya daktari wa pili, andika na tarehe.

Usiende kumtukana daktari wodini. Andika barua kwa mganga mfawidhi (mkuu wa hospitali), kopi yako igongwe muhuri, ndo uende Baraza la Madaktari Tanganyika. Ila hao wanashughulika na daktari mwenyewe na leseni yake, fidia ni mahakamani, na hapo tafuta wakili mapema maana madai ya hivi yana ukomo wa miaka 3 na kama ni hospitali ya serikali inatangulia notisi ya siku 90.

Wakisema haiwezekani daktari akosee hivyo, wakumbushe Muhimbili 2007, wa goti alipasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa mguu, kisa majina kufanana.