Sensa ya oksijeni inayokufa kila mara

Ndugu yangu, umesema Toyota yako ya 2001 imeua sensa tatu za oksijeni (kile kifaa cha kwenye bomba la moshi kinachopima oksijeni) kwa mwaka mmoja. Hiyo si bahati mbaya, kuna kitu kinaziua. Kabla hujashuka mtaa wa Birere kununua ya nne, toa iliyokufa uangalie ncha yake. Masizi meusi makavu: injini inakula esansi kupita kiasi. Weusi wenye utelezi: inachoma oili, pengine ringi za pistoni zimekwisha. Weupe kama chokaa: maji ya radiata yanapenya kwenye silinda, au fundi alipaka silikoni ya kawaida kwenye gasketi (wanapenda sana hiyo!). Hapo sensa mpya ni kutupa dola tu.

Ncha ikiwa safi, fuata umeme. Mawe ya volkano ya barabara zetu za Goma hayahurumii waya za chini ya gari. Tazama kama waya wa sensa umeegemea bomba la moshi ukaungua. Kodi ya hitilafu inayosomwa na mashine ya fundi ikiwa P0135, anza na fyuzi na waya za hita ya sensa.

Halafu bomba la moshi likiwa na tundu kabla ya sensa, hewa inaingia na hata sensa isiyo na kasoro inasoma uongo. Pima sensa wakati injini ikiwa moto: volti zicheze kati ya 0.1 na 0.9.