Steringi mhuni anabeba muvi, mradi asioshwe

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama hawa wahusika wa majarida ya katuni ambao ni nusu shujaa nusu mhuni, na majina yao wengi hawayajui, wanaweza kusimama na muvi yao wenyewe. Ukatutajia muvi za Morbius na Kraven, ukasema ushahidi ndio huo, zote zimebuma, bora studio zirudi kwa wale wakubwa wanaojulikana dunia nzima. Kubuma zimebuma, sibishi. Ninachobisha ni hiyo sababu yako ya kutojulikana.

Nilikaa mlangoni kwa kibanda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea video, miaka minne, Morogoro, kuanzia 2003. Kibanda kilikuwa cha mjomba. Kazi yangu ilikuwa kukusanya kiingilio, shilingi 100 kwa watoto mchana, 200 kwa wote usiku, na deki ikianza kugandaganda mimi ndiye niliyeifungua kufuta lenzi kwa pamba. Wateja wetu hawakuwahi kushika jarida la Marvel hata siku moja. Sisi tulikulia kwenye jarida letu la katuni la Sani, kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Huyo Spider-Man mwenyewe tulikutana naye kwenye muvi kama tulivyokutana na wengine wote. Kwa hiyo pale mlangoni hakuwepo mhusika maarufu na asiye maarufu, wote walikuwa wageni. Maswali yalikuwa mawili tu: "Steringi nani?" na "Anapiga?" Ukijibu vizuri, mtu anatoa mia mbili yake anaingia.

Sasa nikupe Blade, maana hii ndiyo muvi niliyoionyesha mara nyingi kuliko zote, mpaka CD ikachoka. Mtaani kwetu watu waliamini Wesley Snipes ndiye aliyemtunga. Mimi pia niliamini hivyo, mpaka miaka mingi baadaye nilipokuja kusoma kwamba alitokea mara ya kwanza 1973, katika toleo la 10 la jarida la The Tomb of Dracula, kazi ya Marv Wolfman na Gene Colan. Jarida lenyewe ni la Dracula! Blade alikuwa mtu wa pembeni, mwindaji mmoja kati ya wawindaji kadhaa. Hata Marekani kwenyewe ungemuuliza mtu wa kawaida mwaka 1997 Blade ni nani, angekukodolea macho. Muvi ikatoka 1998, ikagharimu kama dola milioni 45, ikaingiza zaidi ya milioni 130 duniani. X-Men ilikuwa bado miaka miwili, Spider-Man miaka minne. Aliyetangulia kuwafungulia njia ni huyo asiyejulikana.

Tazama anavyoingia. Disko la vampaya, jamaa mmoja mjinga kafuatana na mrembo bila kujua anakopelekwa, mara mabomba ya darini yanamwaga damu badala ya maji. Watu wanacheza wakiwa wamelowa. Jamaa anatambaa sakafuni kutafuta njia, anagota kwenye kiatu. Kamera inapanda taratibu, koti la ngozi, miwani, na wale vampaya wote waliokuwa wakicheka wanaanza kurudi nyuma. Hajasema neno. Hatujaambiwa mama yake alingatwa na vampaya akiwa mjamzito, hayo yanakuja baadaye. Kibandani hapo palikuwa na kelele za kuvunja mabati, na wala hatukuhitaji tafsiri ya Lufufu, yule mtafsiri wetu wa muvi, kujua huyu ni nani na kwa nini anaogopwa.

Lakini kilichowafanya warudi kesho yake si ngumi. Blade ana kiu ileile ya wale anaowaua. Anajidunga dawa ya kuituliza, na dawa inaanza kuzoeleka mwilini. Mwishoni daktari wa damu anayemsaidia anamwambia anaweza kumponya kabisa, ila akipona nguvu zake nazo zinakwenda. Blade anakataa. Anamwambia atengeneze dawa iliyo bora zaidi ya kutuliza, kazi bado haijaisha. Usiku mmoja ubishi ulizuka hapo hadi mjomba akazima jenereta watu wakaendelea gizani. Fundi viatu mmoja alikuwa amesimama kwenye benchi anafoka: "Mtu kapewa uzima kaukataa, huyo naye kachanganyikiwa!" Mwenzake anamjibu, "Akipona, wale wengine atawaua nani? Wewe?" Nilifunga mlango saa saba usiku.

Ndiyo maana Morbius inaniuma kuliko inavyokuuma wewe. Ni ugonjwa uleule! Daktari mwenye maradhi ya damu, anajitengenezea dawa, anageuka mnyonya damu. Huyu hata kwenye majarida amemtangulia Blade, tangu 1971, kwenye jarida la Spider-Man. Hadithi ilishapikwa, ilibaki kupakua tu. Muvi ya 2022 ikafanya nini? Kiu inapomshika mara ya kwanza yuko melini, na anaowararua ni mamluki wenye bunduki, ili wewe mtazamaji usisikitike sana. Baada ya hapo ana damu bandia aliyoivumbua mwenyewe, ya kumtuliza. Na ubaya wote uliobaki, ile raha ya kuua, wamempa rafiki yake Milo aibebe. Sasa Morbius amebaki na nini? Mtu mpole mwenye meno. Namuogopaje? Namuonea huruma ya nini? Mkumbuke baada ya muvi kubuma, watu mtandaoni waliigeuza utani, studio ikadhani ni mapenzi ikairudisha kwenye majumba ya sinema mwezi wa sita mwaka uleule, ikaokota kama dola laki tatu tu wikiendi nzima. Marekani nzima hiyo.

Kraven ni kosa lilelile, lenye damu nyingi zaidi. Kwenye majarida huyu bwana ni mwindaji mwenye kiburi, ambaye ameshaua kila mnyama, na anaona mnyama pekee anayestahili kuwindwa ni Spider-Man. Kuna hadithi yake ya 1987 iliyoandikwa na J. M. DeMatteis ambamo anamzika Spider-Man, anavaa mavazi yake ili aonyeshe kwamba anamzidi, halafu akishajiridhisha anajiua. Hapo sitanii, ukiisoma utakaa kimya kidogo. Muvi ya 2024 imemuondoa Spider-Man, kisha ikamfanya Kraven mpenda wanyama anayewawinda majangili. Yaani wamechukua jangili wakamgeuza askari wa hifadhi. Damu ni ya kumwaga, viungo vinakatika, lakini roho yake imeshafuliwa na kuanikwa. Imeingiza kama dola milioni 62, wakati gharama yake ilikuwa karibu mara mbili ya hizo.

Utaniuliza, mbona Venom naye aliwekwa bila Spider-Man na ile ya 2018 ikaingiza zaidi ya dola milioni 850? Kwanza Venom si mdogo kiasi hicho, tusidanganyane. Pili, adui yake anaishi ndani yake. Eddie, yule mwandishi wa habari, na lile dude lililomwingia mwilini ni kama wapangaji wawili chumba kimoja, mmoja anataka kula vichwa vya watu na mwingine anataka amani na majirani. Muvi yenyewe ni ya hovyo sehemu nyingi, lakini ule ugomvi wa ndani hawakuufuta, na watu walilipia ugomvi.

Kuna upande mmoja nakupa haki yako. Muvi inaweza kumheshimu mhusika kabisa na bado ikabuma. Dredd ya 2012, huyu katoka kwenye jarida la Uingereza la 2000 AD, tangu 1977. Hakimu, polisi na mnyongaji ndani ya mtu mmoja. Karl Urban hakuivua ile kofia mwanzo hadi mwisho, wakati Stallone alipomcheza huyohuyo 1995 aliivua mapema watu waone sura ya gharama. Ilipigwa Afrika Kusini, Cape Town na Johannesburg, na ukiwa na jicho la kwetu unayaona yale majengo na lile jua. Nzuri mno. Iliingiza kama dola milioni 41 tu majumbani mwa sinema, haikutosha, ya pili haikuja. Watu walikuja kuipenda baadaye wakiwa nyumbani kwao.

Kwa hiyo suala la hela lipo, na hapo ndipo studio zinapojikaanga zenyewe. Deadpool ya 2016 iligharimu dola milioni 58, kidogo kwa muvi za aina hiyo, na kwa kuwa hela ilikuwa kidogo hakuna bosi aliyehangaika kumfunga mdomo. Ikaingiza zaidi ya milioni 780. Ukimwekea mhusika asiyejulikana milioni 110 kama Kraven, lazima umuuze kwa kila mtu, na ukitaka kumuuza kwa kila mtu unaanza kumkata kucha.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, tazama Blade na Morbius usiku mmoja, kwa mpangilio huo. Dredd ninayo kwenye flashi, aliye Moro aje PM. Ile CD ya Blade usiniombe, inaganda palepale daktari anapotaka kumpa dawa.