Picha zote safi, nyonga bado inauma

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34. Huu mwaka wa pili nyonga ya kulia inaniuma, na maumivu yanaingia kwenye kinena na ndani chini ya kitovu. Nikikaa muda mrefu, au baada ya tendo la ndoa, ndiyo balaa. Eksirei safi, altrasaundi safi, daktari kasema sina kitu. Niliambiwa nifanye zoezi la kubana misuli ya chini, nazidi kuumia. Mume wangu anadhani namkwepa. Ni akili yangu?*

Marahaba mwanangu. Akili yako haina kosa.

Eksirei huonyesha mifupa. Kano, misuli na neva haivioni, na hata mfupa wa nyonga unaoanza kufa kwa kukosa damu (huwapata zaidi wenye selimundu na waliotumia steroidi muda mrefu) unaweza kuonekana mzima kwenye eksirei wakati MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) tayari inaonyesha tatizo. Altrasaundi nayo huona fibroidi na uvimbe wa mayai, lakini endometriosisi (tishu kama ya ukuta wa ndani wa kizazi inayoota nje yake) iliyotapakaa kwa vidoa vidogo huipita kirahisi. Kwa hiyo ulichothibitishiwa ni kwamba vitu vichache havipo, basi.

Ukirudi kwa daktari, onyesha kwa kidole. Maumivu ya kinena yanayochoma ukivaa soksi au ukipanda gari humwelekeza kwenye kiungo chenyewe. Mwombe akunje goti lako kuelekea kifuani na kulizungusha kwa ndani aone kama yanaamka. Yakiwa ubavuni, pale usipoweza kupalalia, mara nyingi ni kano za misuli ya tako. Yakipanda na kushuka na hedhi, endometriosisi itafutwe hata kama altrasaundi ni safi. Na yale ya ndani, yanayoletwa na kukaa na tendo la ndoa, pengine na mkojo unaochelewa kuanza, hufanana sana na misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na kizazi kwa chini, iliyokaza isilegee. Barua yako inaninong'oneza hili la mwisho, ila kinena nacho kipimwe. Mambo haya huweza kukaa mawili pamoja.

Kama ni misuli hiyo iliyokaza, zoezi la kubana lazima likuumize: msuli uliokwisha jikunja hautibiwi kwa kukunjwa tena. (Sijui nani alilifanya dawa ya kila mwanamke.) Liache kwanza. Lala chali, miguu juu ya kiti, magoti pembe mraba. Vuta pumzi kwa pua hadi tumbo liinuke, usikie msamba ukishuka wenyewe, kisha toa polepole. Dakika 5, asubuhi na jioni. Kosa la wengi ni kusukuma kama wanaojisaidia, na hapo misuli hukaza upya. Kwenye choo cha kukalia, weka miguu juu ya kigoda, magoti yapite nyonga, usikamue. Kazini inuka kila nusu saa. Usiku lala ubavu wa kushoto na mto mrefu kutoka gotini hadi kifundo cha mguu. Mto wa gotini tu huacha mguu ukining'inia na kuvuta nyonga. Kutembea kusikome: maumivu ya 3 kati ya 10 yanavumilika, mradi asubuhi yake yawe yametulia. Yasipotulia, punguza mwendo nusu.

Andika kwa mizunguko 2 ya hedhi: siku ya mzunguko, mahali, kiwango, ulichofanya kabla. Karatasi hiyo moja itakusaidia kuliko maelezo ya kichwani. Omba rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliyesomea sakafu ya nyonga. Anaweza kupima kwa kidole ukeni, kwa ridhaa yako, na una haki ya kumsimamisha wakati wowote. Mpe miezi 3. Ibuprofeni ni ya siku chache, baada ya chakula, na si ya mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito.

Usisubiri miadi ukipata ganzi msambani, mkojo ukigoma au haja ikitoka bila kujua, homa pamoja na maumivu, kushindwa kukanyaga, au maumivu makali ya ghafla huku hedhi imechelewa. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu mumeo, zungumza naye mchana, mkiwa mmevaa, si kitandani akiwa tayari ameumia moyo. Mwambie wazi: "Sikukwepi wewe, naogopa maumivu yanayofuata." Nenda naye kliniki asikie mwenyewe. Na usijikaze kumridhisha, kwa sababu mwili ukishazoea kuumizwa hubana hata kabla hajakugusa. Kwa sasa tumieni kilainishi, jaribuni kulala ubavu, mwendo uushike wewe, na mkubaliane neno moja la kusimama, likitoka kinywani mwako asiulize kwa nini.