Maswali Yenu: Nanga Imara Mahali Pabaya

Safari hii tumekusanya barua zinazohusu nanga za kudumu, yaani vyuma vinavyotobolewa mwambani ili kufungia kamba, kwenye mapango yanayoshukwa na watu wengi kwa kamba. Barua tumezifupisha.

SWALI: Pango tunalolitumia lina shimo la kwanza la mita 22. Mdomoni pana bolti nne za zamani zenye kutu, zote usawa wa magoti, na kamba huchubuka kila mara mahali palepale. Tumechangishana tununue bolti za chuma cha pua za milimita 12 badala ya hizi za 8. Zitatosha? – *Kiongozi wa klabu*

JIBU: Kwa nguvu zitatosha, ila kamba itaendelea kuchubuka. Mtu anayeshuka taratibu huivuta nanga kwa takriban kilonewtoni 1, yaani kama uzito wa kilo 100. Akishuka kwa kushtuka-shtuka huenda akafikia 2 au zaidi kidogo. Bolti ya milimita 10 iliyofungwa vizuri kwenye jiwe zima la chokaa hubeba zaidi ya 20. Hapo kilichobaki kuua ni ukingo unaoisaga kamba, na jitihada za mtu kuifikia nanga iliyo chini ya magoti yake huku mguu mmoja ukiwa hewani. Kiwango cha Ulaya cha EN 959 hupima chuma cha nanga, hakipimi mahali mlipoitoboa.

Kabla ya kununua chochote, ning'inizeni kifuko cha mawe kwenye uzi mwembamba kutoka kila sehemu mnayoifikiria, kisha mmulike chini mwone uzi unagusa wapi. Tafuteni ukuta ulio usawa wa kifua au juu zaidi, mahali ambapo uzi utashuka mita 22 zote bila kugusa mwamba. Mara nyingi pahali hapo hupatikana mita moja au mbili mbele ya ukingo, juu ya shimo lenyewe. Ndiyo maana waliotangulia hawakupatumia: walikuwa wakitoboa kwa mkono, kwa hiyo walitoboa pale waliposimama.

Wekeni nanga mbili hapo, zifungwe kwa fundo la nane lenye vitanzi viwili, ili mzigo ugawanyike na nanga moja iwe akiba ya nyingine. Pembe kati ya vitanzi isizidi nyuzi 90. Kwenye nyuzi 60 kila nanga hubeba asilimia 58 ya mzigo, kwenye 90 asilimia 71, na kwenye 120 kila moja hubeba mzigo wote, yaani kugawana hakuna tena. Watu hupanua pembe ili kamba ikae katikati ya shimo, wakasahau hesabu hii. Refusheni vitanzi badala yake.

Nanga ya tatu iwe nyuma, mita 2 hadi 3 kutoka ukingoni, usawa wa kifua. Hiyo ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Kutoka hapo kamba ya mkononi hufuata ukuta hadi kwenye zile mbili, na kila mtu hujifunga kabla hajaukaribia ukingo. Mkimaliza kuchagua mahali, mpelekeni mwenzenu mfupi kuliko wote ajaribu kufika kwa mkono kabla shimo halijatobolewa. Nanga nyingi zisizofikika ziliwekwa na watu warefu.

Kama bado kuna mahali panapogusa, ongezeni nanga chini kidogo ya pale panapogusa, kamba ifungwe upya hapo. Kitanzi kilicholegea juu yake kiwe kirefu kiasi cha kumwezesha mtu aliyening'inia kwa kamba yake fupi ya kiunoni kutoa kifaa cha kushukia. Kikiwa kifupi, atakwama na uzito wake ukiwa juu ya kifaa. Kikiwa kirefu mno, nanga hiyo ikichomoka ataanguka urefu wote wa ule ulegevu.

SWALI: Tumepewa ushauri wa kuweka nanga za gundi badala ya bolti za kutanuka. Tunaomba hatua zake. – *Mwanachama wa timu ya matengenezo*

JIBU: Kwenye pango lenye wageni wengi ushauri huo ni sahihi. Bolti ya kutanuka hulisukuma jiwe kwa ndani muda wote, ina nati inayolegea na kibati (bamba lenye tundu la kufungia kamba) kinachozunguka. Nanga ya gundi ni kipande kimoja cha chuma kilichokunjwa kuwa jicho, haisukumi jiwe, na unyevu hauingii ndani kirahisi. Hasara yake ni kwamba huwezi kuishukia siku hiyohiyo, na kosa la usafi halionekani kwa nje.

Anzeni kwa nyundo. Gongeni eneo lenye upana wa nusu mita: jiwe zima hulia kwa sauti kali ya juu, na bamba lililoachana na ukuta hutoa sauti nzito ya tupu. Msitoboe kamwe kwenye mgando wa chokaa uliotiririkia ukutani, hata ukionekana mnene, kwa kuwa nyuma yake mara nyingi kuna udongo au nafasi. Nanga na nanga ziachane angalau sentimita 20, na umbali huohuo kutoka kwenye ufa au kona.

Tuchukue nanga iliyosokotwa kwa nondo ya milimita 8, yenye mguu wa milimita 100. Hii huingia kwenye tundu la milimita 16, lakini fuateni karatasi ya mtengenezaji wenu. Toboeni kwa pembe ya mraba na uso wa jiwe, kina kizidi mguu kwa milimita 5 hivi, kisha chongeni kijishimo mdomoni ili shingo ya jicho ilale ndani ya mwamba. Jicho lililosimama nje hufanya kazi kama wenzo, na siku mtu atakapolipinda kwa kulivuta pembeni, gundi itapasuka.

Halafu usafi, na hapa ndipo nanga nyingi huharibikia. Pulizeni vumbi kwa pampu, sugueni kwa burashi ya duara inayojaza tundu, mrudie vyote viwili angalau mara nne, na mmalizie kwa kupuliza. Pangoni vumbi la chokaa hukutana na maji likawa uji unaopaka kuta za tundu, na gundi itashika uji huo badala ya jiwe. Ukiuona, osheni tundu kwa maji safi, sugueni tena, mpulize hadi maji yaliyotuama yaishe. Gundi iwe ya aina inayoruhusiwa kwenye tundu lenye unyevu. Epoksi nyingi huruhusiwa, poliesta za bei nafuu mara nyingi hapana.

Gundi ya kwanza inayotoka kwenye bomba la kuchanganyia itupwe, sentimita 10 au zaidi, mpaka rangi iwe moja bila michirizi. Ingizeni bomba hadi mwisho wa tundu, mjaze mkirudi nyuma ili hewa isinaswe. Tundu hilo lina kama mililita 21, na miguu miwili ya nanga huchukua kama 10, kwa hiyo mnahitaji zaidi kidogo ya mililita 10. Sukumeni nanga huku mkiizungusha. Lazima gundi ifurike kidogo mdomoni pande zote. Isipofurika, chomoeni nanga papo hapo mwongeze. Kilichofurika kisawazishwe ili maji yasituame.

Betri na keekee hazileti shida kama inavyoileta baridi. Epoksi ya polepole inayokauka kwa nusu siku kwenye nyuzi 20 inaweza kudai siku tatu kwenye nyuzi 5. Chupa ibebwe ndani ya nguo, kwa sababu gundi ikipoa huwa nzito na haichanganyiki sawasawa. Wekeni mabomba ya akiba manne au matano: mkisimama dakika chache kuhamisha keekee, lililo kwenye chupa litaganda. Kila nanga mpya ifungwe utepe wenye tarehe na neno USITUMIE, na tone la gundi kutoka chupa hiyohiyo lipakwe kwenye jiwe la pembeni. Mkirudi, ligongeni kwanza tone hilo. Likiwa bado laini, au limekuwa na michirizi ya rangi mbili, nanga za chupa hiyo hazifai.

Kwa majaribio, kiwango cha Uingereza cha nanga za majengo, BS 7883, huivuta nanga kwa kilonewtoni 6 kwa sekunde 15, nayo isisogee. Kipimo hicho kinafaa hata pangoni. Msivute hadi 15 kwa ajili ya kujifurahisha, mtaharibu nanga nzuri.

SWALI: Kibati cha bolti kinazunguka kwa kidole. Nikikaze? – *Mgeni wa mapango*

JIBU: Kaza, ukiangalia. Nati ikishika na kibati kikatulia, shida ilikuwa nati tu. Lakini bolti yenyewe ikizunguka, au ikitoka nje kila unapokaza, haijashika ndani. Iache na utoe taarifa. Usitumie spana ndefu. Bolti za uzi wa milimita 8 zinazoingia kwenye vikombe vya zamani vya kujitobolea (vikombe vya chuma vilivyozamishwa ndani ya jiwe) hutosheka na nguvu ya kukaza ya nyutonimita 10 hadi 15, na mkono wenye hasira huzidisha hapo bila kujijua. Vikombe hivyo vina kina cha milimita 30 tu.

SWALI: Pango letu liko ufukweni, sehemu za joto. Muuzaji anasema chuma cha pua hakiozi. – *Msomaji*

JIBU: Hakiozi kwa macho. Chumvi, joto na mkazo hukipasua kwa ndani, na bolti za chuma cha pua cha daraja la 304 na hata 316 zimewahi kukatika kwa uzito wa mtu huku nje ziking'aa. Ufukweni tumieni titani iliyowekwa kwa gundi, au chuma cha pua cha daraja la 1.4529. Bara, mbali na bahari, 316 inafaa. Popote mlipo, msichanganye bolti ya chuma cha pua na kibati cha zinki au cha alumini: kwenye unyevu, kile dhaifu huliwa haraka.

SWALI: Tuache kamba yetu shimoni msimu mzima, kupunguza kubeba? – *Klabu ya chuo*

JIBU: Ikiachwa, mtaishuka bila kujua nani aliipitia wiki iliyopita na matope kiasi gani. Mchanga huingia kwenye nyuzi za ndani, maji yanayotikisa kamba huisugua gizani usiku kucha, na nailoni iliyolowa hupungukiwa nguvu. Pia husinyaa: kamba mpya iliyokatwa kwa kipimo kamili inaweza kuwa haifiki chini baada ya kulowana na kukauka mara kadhaa, kwa hiyo fundo la mwisho halikwepeki. Acheni nanga, ondokeni na kamba.

Wale wanaovuta kamba na kushuka nayo waipitishe moja kwa moja kwenye jicho la nanga ya gundi tu, kwa kuwa nondo yake ni ya mviringo. Kwenye kibati lazima pawe na pete ya chuma, maana ukingo wa kibati hukata. Jicho lililoliwa na kamba zenye mchanga lipimwe kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene. Sisi huibadilisha nanga robo ya unene wa nondo ikishaisha, yaani milimita 8 ikibaki 6.

SWALI: Na bolti za zamani? – *Yuleyule kiongozi wa klabu*

JIBU: Ziondoeni baada ya mpya kukauka na kujaribiwa, siyo kabla. Zikibaki, atakuja mtu na kamba fupi azitumie. Zivuteni kwa jeki ndogo ya kuchomolea. Ikishindikana, zikateni usawa wa jiwe kwa msumeno wa mkono, kwani moshi na cheche za grainda kwenye hewa isiyotembea havifai. Matundu yazibwe kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la jiwe lilelile, na nafasi ya kila nanga mpya ichorwe kwenye ramani ya pango pamoja na tarehe, aina ya chuma na namba ya chupa ya gundi.