Kabla ya kununua darubini, jua kilimia kilipo

Darubini yangu ya kwanza niliinunua kwa maneno ya kwenye boksi: inakuza mara 525. Nikaibeba hadi Raskazone, hapa Tanga, usiku mmoja wa Januari, mbingu imetakata, kaskazi inavuma. Stendi ikawa inatetemeka kwa kila pumzi ya upepo na nyota zinanikimbia. Mzee mmoja aliyekuwa nahodha alinitazama kwa muda, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, kilimia kiko wapi?"

Sikujua. Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana, kilikuwa juu yangu, kimeinamia kidogo upande wa kaskazini.

Ndiyo maana ukiniuliza ununue darubini gani, nakuomba usinunue kwanza. Kaa uani mwezi mzima, taa zimezimwa, uzizoee nyota kwa macho. Mzee yule alinianzishia kwa msemo wa wakulima wa pwani: kilimia kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Mwezi wa Mei kinapotelea magharibi masika yakiwa yamekolea, na Juni kinaonekana tena alfajiri, mashariki, mvua zikiwa zimepungua. Jina lenyewe limetoka kwenye kulima.

Baada ya hapo tafuta darubini ya macho mawili, 10x50. Hiyo 10 ni mara inazokuza, 50 ni upana wa lenzi kwa milimita, na upana ndio unaokusanya mwanga. Namba ya ukuzaji isikuhadae: lenzi ya milimita 60 ikipita mara 120 hivi, inakuza ukungu tu. Iegemeze darubini yako ukutani uitazame sayari ya Mushtarii. Utaona vinukta vya miezi yake ile minne aliyoiona mwanafalaki Galileo Januari 1610. Jua usilielekezee kamwe bila kichujio chake maalumu, litakupofua.

Na hizi darubini janja, zinazoongozwa kwa simu? Nimeazima Seestar S50 ya rafiki yangu, na nimeipenda kwa dhati. Haina mahali pa kuweka jicho. Inapiga picha ya anga, inalinganisha nyota ilizoziona na ramani iliyo nayo, inajua yenyewe imeelekea wapi, halafu inapiga picha za sekunde kumi kumi na kuzirundika moja juu ya nyingine. Wingu la gesi lililo chini ya mkanda wa kundi la nyota la Jabari (Orion), ambalo kwa macho ni kama moshi hafifu, lilichanua jekundu kwenye simu tukiwa pale pale Tanga mjini na taa zake. Kwa sayari lakini ni dhaifu, Mushtarii inabaki kitone.

Chombo chochote utakachonunua, unyevu wa chumvi wa huku kwetu ni adui. Usifute lenzi kwa kanga. Iache ikauke, kisha ifungie na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Nilirudi kwa mzee na vyombo vyote viwili. Kilimia hakikuenea kwenye picha moja ya ile darubini janja, kundi ni pana mno. Nikampa 10x50. Kilienea chote, na mzee akakataa kuirudisha mpaka amalize kuhesabu.