Maswali na Majibu: Halali kwa Nani?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za bangi hapa Marekani, ambako kila jimbo lina sheria yake. Nimeziweka kando zinazouliza "je, ni halali?" bila kutaja jimbo wala makaratasi aliyonayo mwulizaji. Huko ni kumpigia fundi simu na kumwuliza gari lako lina shida gani. Nilizozichagua ni hizi.

Shikamoo mjomba. Niko Minneapolis, nina grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), na mwakani najaza fomu ya uraia. Bangi huku imeruhusiwa. Nikivuta kwangu Jumamosi, kuna tatizo?

Marahaba, mwanangu. Tatizo lipo, tena kubwa.

Minnesota iliruhusu watu wa miaka 21 na zaidi kuanzia tarehe 1 Agosti 2023. Unaweza kutembea na aunsi mbili, ukaweka ratili mbili nyumbani, ukapanda miche minane, mradi iliyochanua isizidi minne. Sawa. Lakini grinikadi hukupewa na Minnesota. Umepewa na serikali ya shirikisho, na sheria yake ya mwaka 1970 iliiweka bangi ngazi ya kwanza ya dawa za kulevya, pamoja na heroini. Hapo ni kama shemeji amekukaribisha ulale sebuleni na mwenye nyumba hana habari.

Sheria ya uhamiaji inayohusu kufukuzwa nchini ina kimlango kimoja chembamba: kosa moja tu la kukutwa na gramu 30 au chini ya hapo, kwa matumizi yako mwenyewe. Aunsi mbili ni kama gramu 57. Maana yake, mzigo ambao polisi wa Minneapolis hana shughuli nao unakaribia mara mbili ya kipimo hicho.

Na usijipe moyo kwamba hujakamatwa. Mara nyingine kukiri kwa mdomo wako mbele ya ofisa kunatosha. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji iliandika waziwazi kwamba kujihusisha na bangi kunaweza kumkosesha mtu sifa ya "tabia njema" inayotakiwa kwa uraia, hata kama jimbo lake linaruhusu. Fomu yenyewe inauliza, nawe unajibu kwa kiapo. Kuna wanaoniandikia, "basi nitasema hapana." Huo utakuwa uongo wa kiapo juu ya kosa la kwanza. Kama bado hujagusa, usiguse mpaka uwe umeshaapa uraia. Kama umeshagusa, usijaze kitu kabla ya kukaa na wakili wa uhamiaji. Nimesema wakili, si yule mjuaji wa kundi la WhatsApp. Na acheni kupiga picha na misokoto mkaiweka mtandaoni, jamani.

Mimi hata sivuti. Nafungasha tu kwenye duka lenye leseni hapa Chicago, kodi nakatwa kila mwezi. Bado sina uraia. Na mimi nimo?

Umo, dada. Tena unaweza kuwa pabaya kuliko mvutaji. Waraka ule ule wa 2019 unataja na kazi katika biashara hii. Illinois inauza kwa watu wazima tangu tarehe 1 Januari 2020, lakini kwa macho ya shirikisho duka hilo ni biashara ya dawa za kulevya, na uhamiaji unaihesabu biashara kuwa nzito kuliko matumizi. Hati zako za mshahara ndizo ushahidi.

Hapa ndipo ninapokasirika. Majimbo yamekaa yakapanga kila kitu: kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua, miligramu za kila kipande, umri wa mnunuzi. Dukani nimeona mabango ya miaka 21 na ya wajawazito. La kumwambia mgeni kwamba anahatarisha makaratasi yake sijaliona. Sheria hizi ziliandikwa kana kwamba kila anayesimama mbele ya kaunta, au nyuma yake, ni raia.

Naendesha lori. Nilivuta likizo Denver, wiki mbili baadaye kipimo kikanikamata. Si nilivutia jimbo halali?

Mkojo hauulizwi ulikuwa jimbo gani. Madereva wa malori wanapimwa kwa kanuni za shirikisho, na matokeo yako yameshaingia kwenye hifadhidata yao. Tangu tarehe 18 Novemba 2024, majimbo yanatakiwa kukuondolea leseni ya lori mpaka umalize utaratibu wa kurudi kazini: mtaalamu akutathmini, ufuate atakachoagiza, upimwe tena. Na ule utetezi wa "nilipaka mafuta ya CBD", yaani kile kiungo cha bangi kisicholevya, haupokelewi. Nimeshaujibu mara tatu, mara ya nne sijibu.

Ninaishi Vancouver, jimbo la Washington. Nikivuka daraja kwenda Portland, jimbo la Oregon, bei inashuka. Kwa nini nchi moja iwe na sheria hamsini?

Swali zuri, hatimaye. Washington inatoza ushuru wa asilimia 37, na kodi ya kawaida ya mauzo juu yake. Oregon inatoza asilimia 17, mji unaweza kuongeza hadi 3, na kodi ya mauzo haina kabisa. Oregon inaruhusu miche minne kwa nyumba. Washington hairuhusu hata mmoja kwa asiye mgonjwa.

Chanzo ni mto Columbia ulio chini ya daraja lako, au mpaka mwingine wowote wa jimbo. Kuvusha mzigo ni kosa la shirikisho hata kama pande zote mbili zinauza. Kwa hiyo kila jimbo limelazimika kujenga soko la peke yake: mashamba yake, maabara zake, mfumo wake wa kuufuatilia mche tangu shambani hadi rafuni. Washington iliikabidhi kazi hiyo bodi yake ya pombe, ikabadilisha jina tu. Oklahoma baada ya kura ya 2018 ilitoa leseni za bangi ya tiba kwa dola 2,500 bila kikomo cha idadi. Mashamba yakafumuka kwa maelfu, na Agosti 2022 ikabidi wasimamishe leseni mpya. Ukibana sana kwa ushuru, mnunuzi anarudi kwa muuzaji wa kichochoroni. Ukiachia kama Oklahoma, mavuno yanakosa pa kwenda na yanavushwa kwa siri. Kipimo cha katikati kila jimbo linakipapasa gizani, na mengi yameshaizoea hiyo hela ya ushuru kiasi kwamba nina shaka kama yana haraka ya kuturekebishia chochote.

Na usivuke daraja na mzigo. Najua ndicho ulichotaka kuuliza.

Ohio tulipiga kura 2023 tukashinda kwa asilimia 57. Wabunge wanathubutuje kuigusa?

Kwa sababu mlipitisha sheria ya kawaida, si kipengele cha katiba. Sheria ya kawaida bunge linaweza kuibadilisha hata kama imetoka kwa wananchi. Seneti ya Ohio ilipitisha mabadiliko yake tarehe 6 Desemba 2023, siku moja kabla sheria haijaanza kazi, ingawa wakati ule hayakufika mwisho. Colorado mwaka 2012 waliiweka kwenye katiba, ndiyo maana hawasumbuliwi hivyo. Ila katiba nayo si ngao kamili: South Dakota walipiga kura 2020, mahakama ikaifuta 2021 kwa kuwa ilibeba mada zaidi ya moja. Ulisoma ulichokipigia kura, au uliona neno "bangi" ukaweka alama?

Texas bangi ni marufuku, lakini kituo cha mafuta wananiuzia peremende za "hempu". Ni kitu tofauti?

Jina tofauti. Sheria ya shirikisho ya kilimo ya 2018 iliiita hempu mmea wa bangi wenye THC, kile kiungo kinacholevya, isiyozidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Kwenye jani hiyo ni kidogo. Kwenye peremende ya gramu nne ni miligramu 12, wakati Colorado dozi moja ya bangi halali ni 10. Piga hesabu mwenyewe. Congress, bunge la shirikisho, iliuona mwanya huo, na sheria iliyosainiwa Novemba 2025 ikaweka kikomo cha miligramu 0.4 kwa chombo kizima, ianze mwaka mmoja baadaye. Kama unazo nyumbani, zifungie kabatini. Mtoto wa miaka mitatu anaona pipi tu.

Nasikia serikali ya shirikisho kule Washington DC inaishusha bangi ngazi ya tatu. Si ndiyo tumeruhusiwa?

Hapana. Ngazi ya tatu ni ya dawa za cheti cha daktari, na duka la mtaani kwenu halitoi cheti. Atakayefaidi kwanza ni mwenye duka, kwenye hesabu zake za kodi.

Naja Dar Desemba. Binamu ameniomba nimletee hizo peremende, pakiti moja tu.

Hapana. Mpelekee viatu.